Tusimsingizie Mungu Ajali Zetu

(Mahubiri ya Jumapili ya tatu ya Novemba. Masomo ya kutafakari: Kutoka 21:28–29, Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 10:25–37, Luka 13:1–5)



Nawasalimu nyote mnaonisikiliza asubuhi hii, mlio hapa jijini Dodoma na mlio Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa na Manyoni. Nawasalimu kwa namna ya pekee ninyi makatekista, ambao saa hizi mnafungua milango ya vigango ili muongoze ibada mahali ambapo padre hatafika leo. Mbukwenyi!

Mwezi huu wa Novemba Kanisa hutuita kuwaombea marehemu wetu. Katika mwezi huu huu, Jumapili ya tatu, mataifa mengi huwakumbuka watu waliokufa na waliojeruhiwa barabarani. Kumbukumbu hiyo ilianzia Uingereza mwaka 1993, na mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliipokea iwe ya dunia nzima. Hivyo sala zetu za leo zinakutana na machozi ya watu wengi wasiotufahamu, wala sisi hatuwafahamu.

Neno ninalotaka kuwaambia leo ni moja. Mimi, kama mapadre wote, nimesimama mara nyingi kando ya kaburi la mtu aliyekufa kwa ajali ya gari au pikipiki. Na karibu kila mara nimesikia maneno yaleyale: ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, ili kumfariji mjane na yatima. Lakini ndugu zangu, mara nyingi maneno hayo si ya kweli. Twachukua deni letu, tunaliandika katika daftari la Mungu, kisha tunakwenda kunywa chai ya msiba tukiwa na dhamiri tulivu. Huko ni kumsingizia Mungu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, tunasimuliwa habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuwaua watu 18. Watu wa wakati ule nao walitaka kupata maelezo mepesi: pengine marehemu wale walikuwa wakosefu kuliko wengine wote Yerusalemu. Bwana wetu alikataa. Hakuwahukumu wafu, aliwageukia walio hai, akawataka watubu. Basi nasi leo tusiwahukumu wafu wetu. Tujigeukie wenyewe.

Nchi yetu hii ya kati tangu kale ni nchi ya mapito. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa Ugogoni. Wapagazi walivuka nyika kame ya Marenga Mkali kwa kiu, wakafika kwa watemi wa Kigogo na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wakaruhusiwa kuteka maji na kuendelea na safari. Mwaka 1910 reli ya kati ilifika Dodoma. Mwaka 1973 taifa liliamua makao makuu yawe hapa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Leo mji wa Serikali umesimama Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Barabara ile ile inayowapeleka watumishi kazini kila asubuhi ndiyo inayobeba mabasi ya kwenda na kutoka Dar es Salaam, na malori yanayotoka bandarini kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikia kutoka Dar es Salaam, nasi twashukuru. Lakini lami haijapumzika.

Ninyi mnaosafiri kati ya Nanenane, Ihumwa na Mtumba mnajua kinachotendeka saa moja asubuhi. Daladala hutanua pembeni na kufukuza watembea kwa miguu. Bodaboda hupenya kushoto na kulia, abiria akiwa hana kofia ngumu, na pengine nyuma yake mtoto wa shule. Gari dogo huchomekea mbele ya lori, kana kwamba lori lenye shehena ya tani thelathini laweza kusimama kama mtu asimamavyo. Aliye nyuma hupiga honi kabla taa haijawaka kijani. Ndani ya daladala muziki huwa mkubwa hata mama mzee akiomba kushushwa hasikiki, anapelekwa vituo viwili mbele. Na usiku, wale wanaoishi kando ya barabara kuu, kuanzia Kibaigwa hadi Kintinku, hulala na kuamka kwa ngurumo za malori na kwa pikipiki zilizotobolewa eksozi makusudi ili zipige kelele.

Tutasema hayo ni mambo ya trafiki, si mambo ya Kanisa. Sivyo. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu wetu Edward Moringe Sokoine alikuwa safarini kurudi Dar es Salaam baada ya kikao cha Bunge hapa Dodoma. Alipofika Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari jingine, naye akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa kwa redio. Wenye umri wangu wanakumbuka walipokuwa wamesimama waliposikia habari ile. Siku hiyo kila Mtanzania alijua kwamba barabara haiheshimu cheo. Lakini ndugu zangu, kila mmoja anayekufa barabarani ni Waziri Mkuu nyumbani kwake. Yule mama aliyegongwa akiuza vitunguu kando ya njia alikuwa serikali nzima kwa watoto wake watano.

Na sasa tusikie Mungu mwenyewe amesema nini juu ya ajali. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna sheria fupi ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Mungu anamwagiza kila ajengaye nyumba mpya kuweka ukuta mfupi kuzunguka paa, ili mtu asianguke kutoka huko na mwenye nyumba akawa na hatia ya damu. Wenzetu wa mataifa ya mabati huenda wasielewe, lakini wazee wa Ugogo wataelewa mara moja, maana tembe nalo lina paa tambarare la udongo. Katika nchi ya Biblia watu walipanda juu ya paa, wakaanika mazao, wakapunga upepo, wakalala huko wakati wa joto.

Tazameni busara ya sheria hii. Mungu hakusema: akianguka mtu, basi siku yake imefika. Hakusema: anguko halina kinga. Alisema: jenga kinga. Na usipoijenga, damu ni yako, hata kama hukumsukuma mtu, hata kama siku hiyo ulikuwa shambani.

Sheria ya pili imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, nayo ni ya wafugaji, kwa hiyo ni yetu. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe na kumuua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa dume huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenye mali akaonywa, naye hakumfunga, hapo mambo hubadilika: mwenye ng'ombe ana hatia ya mauaji. Hakuna mfugaji kati yetu asiyeona haki iliyomo humo. Dume akikimbia mara moja, hiyo ni bahati mbaya. Dume anayejulikana kijiji kizima kuwa ni mkali, akiachwa njiani wakati watoto wanatoka shule, hiyo si bahati mbaya.

Basi gari lenye breki mbovu, ambalo fundi alikuonya mwezi uliopita, ni dume gani? Tairi lililokwisha kashata hata likang'aa kama kipara ni dume gani? Dereva anayejulikana kwa ulevi, na tajiri wake anajua lakini anamkabidhi funguo kwa sababu huleta hesabu kubwa, je, si dume aliyezoea kupiga pembe? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni ukuta wa paa. Inaagiza mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na mabasi na malori yasizidi 80 hata nje ya makazi. Si sheria ya kutukomoa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula zaidi ya mita 22 kwa kila sekunde moja; kabla mguu wa dereva haujagusa breki, mtoto aliyekuwa mbali amekwisha kuwa karibu. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Hayo ni maumbile aliyoyaweka Muumba, wala hayabadiliki kwa sababu dereva ametundika rozari kwenye kioo.

Kanisa nalo limesema wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine, wana hatia kubwa. Na mwaka 2007 ofisi ya Vatikano iliyohudumia wahamiaji na wasafiri ilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile tuliyofundishwa utotoni: usiue.

Ndugu zangu, nisingependa mfikiri kwamba nawapigia mawe ninyi nikiwa nimekaa mahali salama. Niruhusuni niungame mbele yenu jambo langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana, nilikuwa na Misa tatu Jumapili moja, katika vigango vitatu. Misa ya kwanza ilichelewa kwisha, nami nikaingia njiani kwa haraka. Ilikuwa mwezi wa kumi, kiangazi kikali. Mbele yangu nikamwona binti mdogo, kama wa miaka kumi, akiswaga punda wawili waliobeba madumu ya maji. Ningeweza kupunguza mwendo. Sikupunguza. Nilipiga honi kutoka mbali, kwa nguvu na kwa kurudia, kama mtu anayeamuru dunia impishe. Punda mmoja alishtuka, akaruka na kuingia barabarani, na binti akamfuata mbio ili amshike. Nilikata usukani, gari likaingia katika miiba ya mgunga na kuzimika. Mungu alitusaidia, hakuna aliyeumia. Lakini madumu yalikuwa yamepasuka, na maji yale, ambayo pengine binti aliyangojea kisimani tangu alfajiri, yalikuwa yakinywewa na mchanga.

Mzee mmoja alitoka chini ya mti, akaja polepole. Hakunigombeza. Alinisalimu kwanza, "Mbukwa, Baba," nami nikaitikia. Kisha akauliza, "Ulikuwa unawahi wapi, Baba?" Nikamjibu, "Nawahi Misa, Mzee." Akatazama mchanga uliolowa, akasema tu, "Haya, Misa njema." Nilimwomba binti msamaha kwa maneno mawili, nikawasha gari, nikaondoka, kwa maana waumini walikuwa wananingoja. Nilipotazama katika kioo nilimwona amegeuza punda wake, anarudi kisimani akiwa na madumu mawili yaliyosalia.

Siku ile nilifika kigangoni nikasoma Injili, nikahubiri juu ya upendo. Ni jioni tu, katika sala, ndipo nilipokumbuka barabara ile nyingine, ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Mara zote nilikuwa nimejiweka upande wa Msamaria. Kumbe mtu aliyepita kando kwa sababu ya haraka ya ibada alikuwa kuhani. Jumapili iliyofuata nilipeleka madumu mapya, na tangu hapo nimejifunza kuchelewa Misa. Waumini walinung'unika kidogo, kisha wakanizoea. Wahenga walisema, kawia ufike. Mimi naongeza: kawia, na mwenzako naye afike.

Katika tukio lile nilielewa pia jambo la kelele. Wazazi wetu walipokutana njiani walisimama. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, ndipo wakapishana. Salamu ilikuwa inasema: nimekuona, wewe ni mtu. Honi yangu ilisema: sijali wewe ni nani, ondoka. Honi iliwekwa ili kumwonya mtu asiumie. Sisi tumeigeuza kuwa tusi. Ndugu dereva, mtembea kwa miguu aliyesimama kwenye kivuko haombi fadhila. Simama, mpe ishara ya mkono apite. Hiyo ndiyo mbukwa ya barabarani.

Sasa, tufanye nini? Nawapa mambo manne, hasa ninyi makatekista, ili mkayazungumze katika Jumuiya Ndogo Ndogo wiki hii.

Kwanza, abiria asinyamaze. Basi linapokwenda kwa kasi ya kutisha, sisi tuliomo ndani huwa tunafanya moja ya mambo mawili: ama tunasali rozari kimya kimya, ama tunashangilia kwamba basi letu limelipita lile jingine. Kusali ni kuzuri, lakini Mungu amekupa pia kinywa. Inuka, sema kwa heshima: "Dereva, mwanangu, punguza mwendo, tuna watoto nyumbani." Akisema mmoja atachekwa. Wakisema kumi watasikilizwa.

Pili, tuache hongo. Zamani, kama nilivyosema, hongo ilikuwa ushuru wa kupita salama katika nchi hii. Leo neno hilo hilo ni jina la rushwa. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni hununua ruhusa ya kwenda na breki mbovu hadi kijiji kinachofuata. Anayetoa anadhani amelipa kidogo. Hajalipa, amehamisha deni, na atakayedaiwa ni mama anayevuka barabara huko mbele. Anayetoa na anayepokea wote wawili wameshika kamba ya yule dume, na wote wawili wameiachia.

Tatu, tuanze na misafara yetu wenyewe. Harusi hutoka kanisani, nami nimetia baraka kwa mikono yangu, na dakika kumi baadaye vijana wamekaa madirishani mwa magari, mabega na vichwa nje, honi zinalia, magari yanashindana ili mpiga picha apate picha. Kwaya nayo husafirishwa katika lori la wazi kama magunia ya alizeti. Hata msafara wa mazishi hukimbizwa, kana kwamba tunataka kumwongezea marehemu wenzake. Kamati za parokia, mambo hayo yamo mikononi mwetu. Hatuhitaji kumngoja askari.

Nne, tuwafundishe vijana wa bodaboda kwa upendo. Wengi wao ni watoto wetu wa Kipaimara. Wanaamka usiku, wanadaiwa hesabu ya tajiri, wanaitwa wahuni na watu wale wale wanaowaambia, "Kimbiza, nimechelewa." Waalikeni parokiani. Waombeni mafunzo na leseni wasio nayo. Na kila mmoja wetu aseme anapopanda: "Kijana wangu, nina muda, twende polepole." Maneno hayo yataokoa uhai kuliko hotuba yangu hii.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna jambo linaloua kuliko hilo. Hebu fikirini: si vita, si ugonjwa, bali njia ya kwenda shule na njia ya kwenda kazini. Mungu aliyesema usiue hawezi kuwa ndiye aliyepanga vifo hivyo. Yeye yupo pale, ndiyo. Lakini yupo chini, pamoja na aliyeanguka, akingoja mtu asimame.

Inawezekana kwamba kati ya wanaonisikiliza yumo dereva ambaye amewahi kumuua mtu, naye amebeba jambo hilo miaka mingi bila kumwambia yeyote. Ndugu yangu, sikusema haya ili nikuponde. Njoo. Mlango wa kitubio uko wazi, na huko hutaambiwa kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Utaambiwa ukweli, kisha utasamehewa. Ukiweza, nenda pia kwa familia ile. Msamaha unaofuata ukweli hufika mbali zaidi ya faraja ya uongo.

Nanyi mliofiwa, mtu akiwaambia kwamba Mungu alimhitaji mume wenu au mtoto wenu kuliko ninyi, msijilaumu mkishindwa kuamini. Mlieni Mungu. Yeye ndiye analia pamoja nanyi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetembea kwa miguu katika njia za Galilaya ukasimama kila ulipoitwa, wapokee wote waliokufa katika barabara zetu, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana. Waponye waliolemaa. Wape madereva wetu mkono mtulivu na moyo usio na haraka. Utuondolee sisi sote uvivu wa kukutwika wewe makosa yetu, na utufundishe kujenga ukuta kuzunguka paa la nyumba yetu, kabla mtu hajaanguka. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, awafikishe salama kanisani asubuhi hii, na awarudishe salama nyumbani. Tumsifu Yesu Kristo.